Hata Protini Hupokelewa Mlangoni

Vijana wengine chuo kikifungwa hurudi nyumbani na nguo chafu. Mpwa wangu hurudi na nguo chafu na mihadhara. Anasoma biokemia, yuko mwaka wa tatu, na tangu atue hapa kwangu hakuna kinachopita kinywani mwangu bila kuelezwa kinakokwenda. Nikikoroga chai, naambiwa sukari inavyoingia kwenye seli. Nikilalamika kwamba usiku naamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, binadamu wa kawaida angesema "pole, mjomba" akaishia hapo. Yeye ananiuliza kama nimewahi kusikia habari za akwaporini, vitundu vya kupitishia maji vilivyoko kwenye seli za figo. Sikuwahi. Nimezisikia usiku wa manane, nimesimama ukumbini, taulo kiunoni, umeme umekatika.

Hayo ningeyavumilia. Mtoto wa dada humfukuzi, na ada nimeichangia mimi, kwa hiyo najihesabu kama mtu anayelipwa riba yake kidogo kidogo. Kilichonikera ni siku alipoiingiza biokemia yake kwenye suala la kabati.

Kabati lenyewe ni la milango mitatu, mbao za mninga. Fundi alikuja akapima ukuta wa chumbani. Akaupima kulia kushoto, akaupima juu chini, akachomeka penseli sikioni, akausifu ukuta. Mlango wa chumba akaupita hivi hivi bila kuutupia jicho. Baada ya "kesho jioni, mzee" nyingi zisizo na jioni, kabati likaletwa kwa mkokoteni, limekamilika, limepigwa vanishi, linang'aa. Halikuingia. Likasimamishwa, likalazwa, likapinduliwa ubavu, vijana wa mkokoteni wakipiga kelele "leta kwako! leta kwako!" mpaka fremu ya mlango ikachubuka. Mwishowe fundi akajifuta jasho, akatoa uamuzi: "Mzee, kabati halina shida. Shida ni nyumba."

Basi liko barazani, na kabla sisi hatujaweka hata shati moja, kuku wa jirani keshaanza kutagia droo ya chini.

Mpwa wangu alilizunguka lile kabati, huku akitafuna karanga zangu, akasema: "Mjomba, seli zako zisingefanya hivi. Kitu cha kukaa ukutani, seli inakijengea pale pale mlangoni. Kipande kimoja kikitoka kwa fundi kinapita kabla cha pili hakijaungwa."

Maneno hayo yaliniuma, nikaamua kumfuata nayo hadi mwisho, nikitafuta mahali pa kumkamata. Anachosema ni hiki. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta. Ni mwembamba kiasi cha kuudhi, unene wake nanomita 5 hivi, yaani upange tando 20,000 ndipo upate unene wa karatasi moja. Nje ya utando kuna maji, ndani kuna maji, katikati mafuta. Humo kwenye mafuta zimechomekwa protini zinazofanya kazi zote za mpakani: kupitisha maji, kupitisha chumvi, kupokea homoni, kunusa mchuzi wa nyumba ya pili. Takriban robo ya jeni zetu kazi yake ni kutengeneza protini za namna hiyo.

Sasa protini ya kukaa kwenye mafuta sharti nayo iwe na sehemu zinazopenda mafuta na kuyachukia maji. Kwa kawaida sehemu moja ni asidi amino 20 hivi zilizojisokota, urefu unaotosha kuvuka utando kutoka upande huu hadi ule. Lakini mtengenezaji wake, ribosomu, anafanyia kazi majini. Ukiiacha protini ikamilike humo, zile sehemu zake zitatafuta pa kujificha, zitang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe na kudandia za jirani, na utabakiwa na bonge lisilofaa kitu. Bonge hilo hulipi vanishi likapendeza. Ni la kuvunjwavunjwa, na lisipovunjwa linaleta madhara.

Kwa hiyo seli haisubiri. Ribosomu inasoma maelekezo na kuunga asidi amino moja baada ya nyingine, kama tano kwa sekunde. Kipande cha kwanza kinachopenda mafuta kikichungulia tu nje, kinadakwa. Mdakaji anaitwa chembe ya kutambua ishara. Wenyewe wamefupisha, wanamwita SRP. Ni protini 6 zilizoshikana na uzi mmoja wa RNA. Ana mfereji uliotandikwa methionini, asidi amino inayonyumbuka, ndiyo maana anaweza kukumbatia ishara za maumbo mbalimbali. Maana ishara hizo hazifanani herufi kwa herufi. Zinachoshirikiana ni kule kupenda mafuta, basi.

Hapo nikadhani nimempata. Nikamwuliza: huyo SRP akiwa amedaka kichwa, si ribosomu inaendelea kutema mkia huko nyuma? Akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. SRP ana upande wa pili, akasema. Wakati huku ameshika ishara, kule anajipenyeza kwenye ribosomu, mahali pale pale malighafi zinapoingilia, na kazi inapungua kasi mpaka wafike mlangoni.

Yaani fundi anaambiwa subiri, na anasubiri. Nilinyamaza kidogo.

Mzigo wote huo, ribosomu na uzi wa maelekezo na protini iliyoanza na SRP mwenyewe, unafika kwenye retikulamu ya endoplazima, ule mtandao wa tando ulioko ndani ya seli. Pale kuna kipokezi kinachomngoja SRP. Kila mmoja amekuja na molekuli yake ya GTP. Wanazivunja kwa pamoja, na kule kuvunja ndiko kunakowaachanisha. SRP huyo, anakwenda kudaka mwingine. Ribosomu inatua juu ya mlango uitwao Sec61, tundu lake la kutolea protini limekabiliana na tundu la mlango, na kazi inarudia kasi yake. Hakuna aliyeambiwa mtandao uko chini. Hakuna aliyetumwa akatoe kivuli cha kitambulisho kwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambalo siku hiyo limefungwa kwa msiba.

Mlango wenyewe ndio ulionimaliza. Mwaka 2004, Tom Rapoport wa Harvard na wenzake walitoa umbo la mlango wa ukoo huo, walioupata kwa kijidudu kinachoishi kwenye maji ya moto chini ya bahari. Umebanwa kiunoni, na una kizibo kinachokaa tunduni wakati hauna kazi. Na unafunguka pande mbili. Unafunguka kwenda mbele, ndiko inakopita protini ya kutolewa nje ya seli, kama insulini. Unafunguka pia ubavuni, ufa unaotazama moja kwa moja kwenye mafuta. Kipande kinapopita mlangoni kinaonja mafuta kupitia ufa huo. Kikiyapenda kinatoka ubavuni na kubaki ukutani. Kisipoyapenda kinasonga mbele. Sisi siku ile tulipindua kabati ubavu mpaka mgongo ukanitoka, wala hakuna aliyewaza kwamba mlango nao ungeweza kuwa na ubavu.

Kuna pia suala la upande gani uwe ndani na upande gani uwe nje, jambo ambalo mtu anaweza kulidharau mpaka apewe kabati lenye komeo la droo upande wa ndani, kama langu. Mwaka 1986 Msweden mmoja, Gunnar von Heijne, aliangalia protini za tando za bakteria akaona kwamba vipande vyenye chaji chanya, vile vyenye lisini na arginini, hupendelea kubaki ndani. Baadaye ikaonekana kanuni hiyo inatumika kwa upana, ingawa si sheria isiyovunjwa. Hivyo ukisoma tu mpangilio wa herufi za protini unaweza kubashiri, mara nyingi kwa usahihi, itakaaje. Fundi wangu hata ukimchorea mchoro hubashiri.

Haya nikayaelewa. Nikayapeleka kijiweni kwenye kahawa, nikawaeleza wazee habari za ufa wa ubavuni kwa fahari ya mtu mwenye mpwa chuo kikuu, hata bao likasimama. Nikarudi nyumbani, mpwa akanitangazia kwamba hadithi hiyo imefanyiwa marekebisho.

"Marekebisho gani tena?"

Mwaka 2022, akasema, makundi ya Ramanujan Hegde wa Cambridge na Robert Keenan wa Chicago yalionyesha kwamba kwa protini zinazovuka utando mara nyingi, kama vile vipokezi vinavyopita mara 7, vipande vingi havitumii ule ufa kabisa. Kuna wasaidizi wanaokusanyika nyuma ya Sec61, wanaubana ufa usifunguke, halafu wanatengeneza uwanja uliozibwa na kujaa mafuta huko uani, na vipande vinaingilia hapo. Yaani miaka yote hiyo vitabu vinatuonyesha ubavuni, kumbe wageni wengi wanapitia uani. Nikauliza nitawaambia nini wazee wa kijiweni. Akasema niwaambie sayansi inakwenda mbele. Huyu hawajui wazee wa kijiweni.

Sitaki hata kuingia kwenye zile protini ambazo kipande chao cha mafuta kiko mkiani kabisa. Kipande kikichungulia nje ya ribosomu, kazi imeshakwisha na mnyororo umeshaachiliwa, SRP atadaka nini? Hizo nazo zimewekewa watu wao. Kwenye hamira yuko mmoja anaitwa Get3, anaufunika mkia usiguse maji, anausindikiza hadi utandoni. Hata mchelewaji ana mwenyeji.

Mwanzilishi wa habari hizi ni Günter Blobel, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1971 yeye na David Sabatini walichora mchoro: protini ina ishara kichwani, kuna kitu kinachoishika, inapelekwa kwenye utando. Ushahidi hawakuwa nao. Mwaka uliofuata César Milstein na wenzake huko Cambridge wakaona kwamba kipande cha kingamwili huzaliwa kirefu kuliko kinavyokuwa baadaye, yaani kuna kitu kichwani kinachokatwa njiani. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein wakaijenga biashara nzima kwenye vichupa, nje ya seli. Orodha ya vifaa vyao nilipotajiwa nilidhani nimepigiwa simu na mganga: tando za kongosho la mbwa, ribosomu za sungura, ujumbe wa RNA kutoka kwenye uvimbe wa saratani wa panya. Ikafanya kazi. Kingamwili ya panya ikaingia kwenye tando za mbwa, kwa sababu ishara ilieleweka. Protini ya damu, globini, isiyo na ishara, ikabaki nje.

Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1999, Blobel peke yake, karibu dola milioni moja. Na hapa nampenda mzee huyu hata bila sayansi yake. Alizaliwa mwaka 1936 huko Silesia, wakati huo ikiwa Ujerumani, na mwaka 1945 familia yake ilipokimbia vita ilipitia Dresden, siku chache kabla jiji halijateketezwa kwa mabomu. Alikuwa mtoto wa miaka minane, na uzuri wa kanisa la Frauenkirche haukumtoka kichwani. Fedha za Nobel alizitoa kwa Dresden, kulijenga upya kanisa hilo na kujenga sinagogi. Mke wangu aliposikia hayo aliacha kuchambua mchele, akauliza swali moja tu: mkewe alisemaje? Mpwa akamjibu kwamba mkewe, Laura Maioglio, alikuwa na mgahawa wake mwenyewe pale New York.

"Ahaa," akasema mke wangu, akarudi kwenye mchele wake.

Msidhani lakini kwamba nimeifanya seli kuwa dini. Ina ukali wa kipumbavu pia. Kuna protini inaitwa CFTR, ya kupitishia kloridi, asidi amino 1,480, inavuka utando mara 12. Kwa kasi ya ribosomu ni shughuli ya dakika tano hivi, wakati fundi wangu dakika tano ni za kutafuta penseli aliyoichomeka sikioni. Watu wengi wenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao unaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, wana CFTR iliyopungukiwa asidi amino moja tu, fenilalanini ya nafasi ya 508. Protini hiyo inaingizwa utandoni kama nyingine, ila haijikunji sawasawa. Ingeachwa ifike kwenye uso wa seli ingefanya kazi, kwa udhaifu lakini ingefanya. Haiachwi. Wakaguzi wa retikulamu wanaishika, wanaing'oa utandoni, wanaipeleka kwenye proteasomu ikakatwakatwe. Kwa kasoro ya kimoja kati ya 1,480! Matokeo yake mtu anabaki bila kile kidogo ambacho angekuwa nacho, na makamasi mazito yanajaa kwenye mapafu.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya mchanganyiko wa vitu vitatu. Viwili vinaisaidia protini hiyo ijikunje vizuri zaidi iwapite wakaguzi, cha tatu kinaisaidia ifunguke ikishafika. Bei iliyotangazwa ilizidi dola 300,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Nikamwuliza mpwa: sasa hapa mkosaji nani, protini, mkaguzi, au aliyepanga bei? Akasema katika baiolojia hakuna mkosaji, kuna mifumo. Nimelisikia jibu hilo kwenye madirisha mengi ya ofisi. Akaongeza kwamba ugonjwa huo mtu huupata akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, na kwamba baba yake huwa anasema ukoo wao haujawahi kuwa na hitilafu ya aina yoyote. Huyo ni shemeji yangu. Nilijizuia.

Kisha kuna wahalifu wanaoujua mlango ulipo. Hawa hawako mbali na sisi. Nchini Uganda, eneo la Buruli karibu na mto Nile, miaka ya 1960 kulionekana wagonjwa wengi wa kidonda kinachokula ngozi na nyama ya chini yake, kikabaki na jina la mahali hapo. Bakteria wake hutoa sumu iitwayo mikolaktoni. Kwa muda mrefu haikujulikana sumu hiyo inamshika nani, mpaka mwaka 2014 ilipoonyeshwa kwamba inaziba Sec61. Ribosomu imefika, imetua, inatema protini, na mlango haupokei. Protini zinaangukia upande usio wake na kuvunjwa. Mbaya zaidi, kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana nazo ni protini za kutolewa nje, zinapita mlango huo huo. Kwa hiyo hata kelele ya kuomba msaada haitoki.

Na kidonda hicho mara nyingi hakiumi. Kinaanza kama uvimbe mdogo, mtu anaendelea na shamba lake, anakuja kustuka nyama imekwenda. Kinatibika kwa antibiotiki, na kikiwahiwa kinapona vizuri, lakini nani anawahi hospitali kwa kitu kisichouma? Mimi ni mtaalamu wa kulalamika, nimeifanya kazi hiyo kwenye safu hii kwa muda mrefu, na sijaona uovu kama wa kitu kinachomla mtu huku kikimnyima sababu ya kulalamika.

Kabla hajarudi chuo, mpwa akanitupia la mwisho, tena akiwa ameshapandisha begi begani. Ule uzi wa RNA ulioko ndani ya SRP, akasema, jeni yake ilijinakili vibaya zamani sana kwa mababu zetu wa kale. Nakala ile, fupi na isiyo na kazi ya maana, ikajua namna ya kunakiliwa na kubandikwa mahali pengine kwenye DNA. Ikabandikwa, ikabandikwa tena. Leo kila binadamu ana nakala zaidi ya milioni moja za kitu hicho, wanakiita Alu, na zinachukua zaidi ya asilimia 10 ya DNA yake. Maelekezo halisi ya kutengeneza protini zote za mwili hayafiki asilimia 2.

Nikakaa chini. "Yaani ndani yangu kuna nakala mbovu za huyo mdakaji mara tano ya maelekezo yangu mimi mwenyewe?"

"Ndiyo, mjomba. Nyingine huwa zinaangukia katikati ya jeni na kuleta ugonjwa. Nyingi zimekaa tu."

"Nani aliziagiza?"

"Hakuna aliyeziagiza."

Nikawaza kidogo, nikamwuliza kama na baba yake anazo.

"Baba? Anazo, kama watu wote. Zaidi ya milioni."

Nikamtolea nauli, nikamwongezea na ya soda, nikamsihi akifika kwao asikose kumweleza shemeji jambo hilo taratibu, kwa mifano, tena mbele ya wageni.